Wawili Wapendanao: Uteuzi wa Waigizaji na Mvuto wa Mapenzi katika Filamu Zetu, Kuanzia Mashamba ya Ngombezi hadi Televisheni

Sanaa ya maigizo, kama zilivyo sanaa nyingine, huzaliwa na jamii kisha huirudia jamii hiyo hiyo ikiwa na mafunzo na burudani. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja tu la sanaa hiyo. Watazamaji hulijadili kila siku, lakini wanafunzi hawalioni vitabuni kwa urahisi. Jambo lenyewe ni hili: ni kitu gani kinachowafanya waigizaji wawili, mwanamume na mwanamke, waaminiwe na watazamaji kuwa ni wapendanao? Watu wawili waweza kuwa wazuri wa sura, wakavaa nguo za thamani na kusemezana maneno matamu, na bado mtazamaji akapiga miayo. Wengine wawili, wasio na sura ya kusifiwa, hutazamana mara moja tu na ukumbi mzima ukanyamaza kimya.

Nguvu hiyo inayopita baina ya waigizaji wawili tutaiita mvuto wa wawili. Kazi ya kuamua nani aigize nafasi gani, tena aigize na nani, tutaiita uteuzi. Hoja yetu ni kwamba mvuto wa wawili hautokani na bahati, wala hautokani na uzuri wa sura peke yake. Hutokana na uteuzi unaofanywa na watu wanaozijua desturi za mapenzi za jamii inayoigizwa, na hukomazwa na kazi ya pamoja ya muda mrefu.

Suala hili si la starehe tu. Mwenye mamlaka ya kuamua nani aonekane akipenda na kupendwa, huamua pia nani ahesabiwe kuwa mtu kamili. Ili tulione jambo hili vizuri, yatupasa tuanze mbali kidogo na televisheni, katika mashamba ya mkonge ya Mkoa wa Tanga.

Ngombezi na Vugiri

Ngombezi ipo karibu na mji wa Korogwe, katika nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Usambara. Ni mahali panapojulikana kwa shamba la mkonge. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, na likaenea upesi katika bonde la mto Pangani na kando ya reli ya Tanga, ambayo ilifika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa utawala wa Waingereza, Tanganyika ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa kuzalisha mkonge.

Utajiri huo ulitokana na jasho la manamba. Hao walikuwa vibarua walioandikwa kazi kutoka mbali: Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, na hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwatafuta vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wengi wa watu hao walikuja bila wake zao na bila wazee wao. Walipewa kipande, wakapangwa kambini, wakahesabiwa kwa siku za kazi. Desturi za posa na arusi, ambazo huhitaji wazazi, wajomba na majirani, zilikuwa zimebaki nyumbani kwao.

Ni katika mashamba ya namna hiyo ndipo lilipozuka wazo la senema kwa Waafrika wa nchi hii. Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki, alifikiri mwaka 1926 kwamba senema ya shambani ingeweza kusaidia kuwafanya vibarua waridhike na kutulia kazini. Mwanafunzi wa historia na aliangalie jambo hili kwa makini. Wazo la kwanza halikuwa kumwonesha kibarua maisha yake mwenyewe, wala kumpa nafasi ya kusema. Lilikuwa kumtuliza ili kazi iendelee.

Wazo hilo lilitekelezwa miaka 9 baadaye. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi wa majaribio ya senema za elimu kwa Waafrika. Fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na Baraza la Kimataifa la Misioni lilikuwa miongoni mwa walioudhamini. Notcutt aliongoza utengenezaji, na G. C. Latham aliongoza upande wa elimu. Makao makuu yake hayakuwekwa Dar es Salaam wala Nairobi. Yaliwekwa Vugiri, juu ya milima ya Usambara, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Korogwe. Hivyo basi, Ngombezi ipo bondeni, na juu yake mlimani ndipo palipotengenezwa baadhi ya filamu za kwanza kuigizwa na Waafrika wa Afrika Mashariki.

Filamu fupi zipatazo 35 zilitengenezwa na mradi huo. Zilichukuliwa kwa gari na kuoneshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikiwa na maelezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mada zake zilikuwa kodi, safura, mmomonyoko wa udongo, malezi ya watoto na Benki ya Akiba ya Posta. Waigizaji hawakuwa wasanii wa kazi. Walikuwa watu wa kawaida walioelekezwa mbele ya kamera wafanye hivi na vile.

Tukiutazama uteuzi wa filamu hizo, tunaona kwamba jozi yake kuu haikuwa ya mume na mke. Ilikuwa ya mwerevu na mjinga. Katika filamu ya Benki ya Akiba, kwa mfano, mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na zinaibwa, na mwenziwe anaweka zake posta na zinasalimika. Waigizaji walichaguliwa ili wawe mfano wa somo. Kila mmoja alibeba tabia moja tu, wala hapakuwa na haja ya kutazamana. Palipo na somo tayari kinywani mwa msimulizi, jicho la mwigizaji halina kazi. Mvuto wa wawili haungeweza kuzaliwa hapo, hata kama waigizaji wangekuwa na vipaji vikubwa namna gani.

Twaona basi tofauti iliyopo baina ya kuonesha na kuigiza. Filamu za Vugiri zilionesha watu wa nchi hii wakilima, wakilipa kodi na wakitibiwa. Zilikuwa chache nafasi za kuwaonesha wakitamani, wakisita, wakikataliwa au wakisamehe. Kibarua wa mkonge aliyekuwa mbali na mkewe aliweza kuitazama picha ya safura. Picha ya hamu yake haikuwamo.

Mtu wa shamba afika mjini

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijaribu tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipatana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini itengeneze filamu za hadithi kwa Kiswahili. Miongoni mwake zilikuwamo Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda, Juma Matatani na nyingine iliyobeba jina la Dawa ya Mapenzi. Safari hii hadithi zilikuwa ndefu zaidi, na ndani yake mlikuwa na vichekesho, nyimbo na mambo ya mjini.

Mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo ndiye baadaye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika lililoundwa mwaka 1955, na ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Ni taifa chache duniani ambazo Waziri Mkuu wake aliwahi kuwa nyota wa senema kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi.

Tunamtaja Kawawa kwa sababu mfano wake unafundisha jambo kuhusu uteuzi. Watazamaji walimpenda kwa kuwa walimtambua. Sauti yake, mwendo wake na mshangao wake vilikuwa vya mtu wanayemjua. Kampuni ilikuwa ya kigeni na kusudi la serikali lilikuwa la kikoloni, lakini mwigizaji aliyeteuliwa alikuja na vitu ambavyo hakuna mwongozaji wa kigeni angeweza kumfundisha. Uteuzi mzuri una tabia hiyo: hupita kusudi la mwenye fedha. Hata hivyo, mjinga wa shamba alibaki mjinga wa shamba, na mwanamke katika hadithi za namna hiyo aghalabu aliwekwa kama mtego wa mjini kuliko kuwa mwenzi mwenye moyo wake.

Twapaswa kukumbuka pia kwamba kumpata mwanamke wa kuigiza halikuwa jambo jepesi. Katika vichekesho vya jukwaani vya miaka ya ukoloni, mara nyingi nafasi za wanawake ziliigizwa na wanaume. Shida hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu. Huko India, D. G. Phalke alipotengeneza filamu ya Raja Harishchandra mwaka 1913, hakupata mwanamke wa kuigiza nafasi ya malkia, akamteua mwanamume aitwaye Anna Salunke. Miaka 4 baadaye, katika filamu ya Lanka Dahan, Salunke huyo huyo aliigiza Rama na pia aliigiza Sita, yaani mume na mke katika mwili mmoja. Watazamaji walijaa kumwona. Lakini ni dhahiri kwamba mtu hawezi kujitazama mwenyewe machoni. Mvuto wa wawili ulianza pale tu jamii iliporidhia mwanamke asimame mbele ya kamera bila kuvunjiwa heshima.

Wawili kutoka India

Waliowafundisha watazamaji wetu maana ya mvuto wa wawili hawakutoka London wala Johannesburg. Walitoka Bombay. Katika miaka ya 1950 na 1960 majumba ya senema ya Unguja, Dar es Salaam, Tanga na miji mingine yalijaa watu waliokwenda kutazama filamu za Kihindi, na wengi wao hawakuijua lugha yenyewe. Filamu ya Awara ya mwaka 1951, iliyoigizwa na Raj Kapoor na Nargis, ilipendwa mno katika pwani yetu.

Kwa nini mtu wa Tanga asiyejua Kihindi aguswe na wawili hao? Kwanza, Raj Kapoor na Nargis waliigiza pamoja katika filamu nyingi. Kila mmoja aliijua pumzi ya mwenziwe. Alijua lini atageuka, lini atanyamaza, na lini atacheka kabla ya neno kwisha. Umbo la wawili hao katika filamu ya Barsaat ya mwaka 1949, mwanamume akiwa ameshika fidla kwa mkono mmoja na kumbeba mwanamke kwa mkono mwingine, liligeuzwa kuwa nembo ya kampuni ya Raj Kapoor. Pili, mapenzi yao yalioneshwa kwa njia ambazo mtazamaji wetu alizielewa: wimbo, jicho linaloinamishwa, mvua, upinzani wa wazazi, tofauti ya tajiri na maskini. Hawakuhitaji kubusiana ili waaminiwe. Yaliyofichwa ndiyo yaliyosema zaidi.

Kisa kingine cha Nargis chafaa kusimuliwa darasani. Katika filamu ya Mother India ya mwaka 1957 aliigiza nafasi ya mama, na kijana Sunil Dutt akaigiza nafasi ya mwanawe. Moto ulipozuka wakati wa upigaji picha, Sunil Dutt alimwokoa. Mwaka 1958 wakaoana. Watazamaji walikuwa wamewaamini kabisa kuwa ni mama na mwana, na wenyewe walikuwa wakielekea kuwa mume na mke. Kisa hiki chatuonya tusichanganye mambo mawili. Mapenzi ya kweli ya waigizaji hayaleti lazima mvuto wa mapenzi katika picha, na mvuto katika picha si ushahidi wa mapenzi nyumbani. Picha ina kanuni zake, na kazi ya mwigizaji iheshimiwe kuwa ni kazi.

Desturi ya jicho, kimya na mshenga

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Kila jamii ina lugha yake ya mapenzi, na sehemu kubwa ya lugha hiyo haina maneno. Katika jamii zetu nyingi, zikiwamo za Wazigua, Wasambaa, Wabondei na Waswahili wa pwani ya Tanga, kijana haendi mwenyewe kuposa, hutuma mshenga. Mtoto wa kike aliyefunzwa unyagoni hafunguki mbele ya wakwe. Mwanamke wa pwani huweza kusema kwa kanga aliyoivaa kile ambacho kinywa chake hakitasema. Chakula kilichotengwa, maji yaliyopelekwa bafuni na ukimya wa jioni vyote ni maneno katika lugha hiyo.

Mteuzi wa waigizaji asiyeijua lugha hiyo atatafuta sura, urefu na mavazi. Mteuzi anayeijua atatafuta mambo mengine. Atawaketisha vijana wawili pamoja na kuwaambia waigize posa, kisha atazame msichana anafanya nini mshenga anapotaja jina la kijana. Desturi ya zamani ilihesabu kimya cha binti kuwa ni ridhaa. Lakini kila mama ajua kwamba kuna kimya cha kukubali na kuna kimya cha kukataa, na tofauti yake imo machoni, mabegani na vidoleni. Mwigizaji awezaye kutenganisha vimya viwili hivyo amekwisha kuipata nusu ya nafasi yake. Nusu ya pili imo kwa mwenziwe, kwa sababu kimya hakina maana pasipo mtu wa kukisikiliza.

Sheria nayo iliwalazimisha wasanii wetu kuisoma lugha hiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka ukaguzi wa filamu kabla hazijaoneshwa kwa umma. Wako waliolalamika kwamba ukaguzi huzuia uhuru wa msanii, na malalamiko yao hayafai kupuuzwa. Lakini kwa upande wa mapenzi, kizuizi kinaweza kumsukuma msanii mwenye akili atafute ishara iliyo ya ndani zaidi. Msanii mvivu akizuiwa kuonesha kitanda hubaki hana la kuonesha.

Redio ilithibitisha jambo hilo kwa njia ya ajabu zaidi, maana redio haina picha kabisa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Mhusika wake mashuhuri alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, na mkewe Tunu aliyekuwa akibeba mzigo wa nyumba. Ndoa ya Mkwaju na Tunu ilisikika kwa sauti tu, na wasikilizaji wengi waliifuata kana kwamba ni ya majirani zao. Uteuzi hapo ulikuwa wa sauti mbili: moja yenye kujigamba, nyingine yenye uvumilivu unaokaribia mwisho. Msikilizaji aliusikia mvuto wa wawili hata pale ulipokuwa unakufa.

Televisheni na mikanda ya video

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza; televisheni ya taifa ilifuata baadaye. Kabla ya hapo Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa imetengeneza filamu chache, zikiwamo Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970, na Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Uhaba wa fedha za kigeni na wa vifaa haukuruhusu zaidi.

Televisheni ilipokuja, ilihitaji hadithi za kila wiki, na hadithi za kila wiki zilihitaji waigizaji wanaokaa pamoja. Kundi la Kaole, lililoonekana katika kituo cha ITV, lilikuwa shule ya namna yake. Humo walikulia Steven Kanumba, Vincent Kigosi aliyejulikana kwa jina la Ray, na Blandina Chagula aliyejulikana kwa jina la Johari. Vijana hawa waliigiza pamoja wiki baada ya wiki, katika nafasi za wachumba, wanandoa, mahasimu na ndugu. Walipotoka katika televisheni na kuingia katika filamu za video, walikuwa wamekwisha kuzoeana. Ray na Johari waliunda kampuni waliyoiita RJ kwa herufi za majina yao mawili. Mwanafunzi atakumbuka nembo ya Raj Kapoor na Nargis: jozi iliyopendwa hugeuka kuwa alama ya biashara.

Filamu za video za mapenzi zilistawi tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Filamu ya Oprah ya mwaka 2008, iliyowakutanisha Irene Uwoya, Kanumba na Ray, ni mfano wa mtindo uliopendwa: mwanamke mmoja, wanaume wawili marafiki, na siri inayowatenganisha. Filamu hizo ziliuzwa kwa kanda na sahani, zikafika vijijini, zikatazamwa sebuleni na katika mabanda ya video. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, umati mkubwa ulijitokeza Dar es Salaam kumzika. Watu hawakulia kwa ajili ya umaarufu peke yake. Walimlilia mtu ambaye walikuwa wamemwona akipenda, akisalitiwa na akiomba radhi kwa Kiswahili chao.

Hata hivyo, sifa isituzuie kusema kasoro. Jozi iliyofanikiwa mara moja ilirudiwa mara nyingi bila kupewa hadithi mpya. Mahali pa mapenzi palihamia katika nyumba kubwa zenye magari, na lugha ya ishara tuliyoieleza ikasahauliwa. Filamu nyingi zilipewa majina ya Kiingereza. Mpendwa alikuwa mtu wa ofisi, na mkulima au kibarua alibaki mlangoni akiwa mlinzi wa kuchekwa. Kwa namna hii jozi ya mwerevu na mjinga ya Vugiri ilirudi kwa mlango wa nyuma, ikiwa imevaa suti.

Nchi nyingine nazo zimekutana na tatizo la kurudia jozi. Ufilipino ina desturi ya kuwaunganisha vijana wawili na kuwaweka pamoja filamu baada ya filamu. Tamthilia yao iliyoigizwa na Jericho Rosales na Kristine Hermosa, ambayo huku ilijulikana kwa jina la The Promise, ilikuwa na wapenzi wengi katika televisheni za Afrika Mashariki. Huko Marekani idhaa ya Hallmark hutengeneza kila mwaka filamu nyingi za mapenzi za msimu wa Krismasi, na huwarudisha waigizaji wale wale katika jozi mpya. Njia zote mbili zina faida. Ya kwanza hujenga mazoea ya wawili, ya pili huzuia mazoea kugeuka uchovu. Lakini hakuna njia itakayomfaa msanii ikiwa hajui anaigiza mapenzi ya nani.

Dalili njema zipo. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2012, ilimweka mbele kijana mpiga picha wa Bagamoyo aitwaye Cheche na mkewe Cheusi. Kama filamu za Vugiri, ilikuwa na kusudi la mafunzo ya afya. Tofauti yake ni kubwa: somo lilipita ndani ya ndoa yenye tamaa, aibu na msamaha, na mwanamke alikuwa na nia yake mwenyewe. Kadhalika filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliwakutanisha Yasmin, msichana wa Kihindi, na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Mapenzi ya wawili hao hayatengani na historia ya nchi. Kila wanapotazamana, mtazamaji anaona pia ukuta wa rangi na tabaka uliowekwa baina yao, na ndiyo sababu macho yao yana uzito.

Mafunzo kwa shule zetu

Tumeona safari ndefu kutoka Vugiri hadi televisheni. Mwalimu wa fasihi au wa sanaa anaweza kuitumia darasani bila gharama yoyote. Achague tukio moja la posa na aliigizishe mara tatu kwa jozi tatu tofauti za wanafunzi, bila kubadilisha neno lolote. Kisha awaulize waliotazama: ni jozi ipi mliyoiamini, na ni kitendo gani kilichowafanya muamini? Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba walioaminiwa ni wale waliosikilizana, wala si wale waliosema kwa sauti kubwa. Mara ya nne, tukio liigizwe bila maneno kabisa. Hapo desturi zitajitokeza, na wanafunzi watabishana juu ya kile ambacho bibi zao wangefanya. Ubishi huo ni elimu.

Wanafunzi wa Korogwe, Handeni na Tanga wana bahati ya pekee. Historia ya kambi za manamba ingali katika kumbukumbu za jamaa zao: barua zilizosomwa na mtu mwingine kwa kuwa mwenyewe hakujua kusoma, ndoa zilizofungwa kambini baina ya makabila mawili yasiyojuana, wake waliosafiri kutoka mbali kuwafuata waume zao, na wengine waliosubiri wasiorudi. Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya kuposea palipokosekana lugha ya nyumbani. Hadithi hizo zikusanywe kwa heshima, kwa idhini ya wenyewe, na ziandikwe. Hazina hiyo ya wapendanao haijapewa bado nafasi inayostahili katika picha zetu.

Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Nasi twaongeza kwamba mapenzi ya bandia nayo hayafichiki. Kamera huyafichua upesi kuliko jirani. Karibu miaka 100 imepita tangu msimamizi wa mkonge alipofikiria kumtuliza kibarua kwa picha. Kibarua yule alikuwa na mtu aliyempenda, na mtu yule alikuwa na jina. Siku atakapoteuliwa mwigizaji wa kumwigiza yeye, na mwingine wa kumwigiza mkewe aliyebaki Kigoma au Songea, na wawili hao wakatazamana kwa lugha wanayoijua wajukuu wao, ndipo filamu ya taifa letu itakapokuwa imelipa deni lake kwa watu wa mashamba kama Ngombezi.